Kichumba Kisicho na Mlango

Kila alasiri, baada ya kuvua viatu vya shule na kunawa uso, Kiwingu alikwenda kukaa kwenye kigoda kando ya meza ya baba yake. Jina lake halisi lilitumika shuleni tu. Nyumbani walimwita Kiwingu kwa sababu mwili wake ulikuwa hapa, lakini mawazo yake yalielea huko juu. Ukimtuma chumvi, aliweza kurudi na kiberiti, tena akitabasamu.

Baba yake alikuwa mchoraji wa ramani za nyumba. Alichora kwa kompyuta, kwa programu iliyokuja na mashine hiyo tangu kiwandani. Kiwingu alipenda kutazama mistari ikikutana na kuwa vyumba, kisha kufumba macho na kutembea ndani yake: hapa sebule, hapa jiko, pale dirisha la kuingiza jua la asubuhi.

Mara nyingine baba alimpima. "Haya, nimekosea wapi?"

Kiwingu alitafuta chumba ambacho baba alikuwa amekinyima mlango kwa makusudi. Akikionyesha, baba alicheka, akazifuta kuta zake. Hivyo Kiwingu alikua akiamini kwamba chumba kisicho na mlango ni kosa la mchoraji.

Balaa lilianzia hapo. Rafiki yake wa darasani alimwazima flashi yenye mfumo mwingine wa kompyuta, uliokuwa na programu ya kutazamia nyota. "Utakaa pamoja na ule wa baba yako," rafiki alimhakikishia. "Ukiwasha mashine, inakuuliza unataka upi."

Jumamosi moja baba alipotoka kwenda kupima kiwanja, Kiwingu aliichomeka ile flashi. Kwenye kioo ikatokea ramani ya diski, mstari mrefu uliogawanywa kama nyumba ya vyumba. Kile kikubwa kilikuwa cha kazi za baba. Akakimega kipande, akaziweka nyota zake humo. Mwisho kabisa wa mstari aliona kichumba kidogo kisicho na jina, na hapakuwa na njia ya kukiingilia.

"Mchoraji wa nyumba hii naye kasahau mlango," alinong'ona, akakifuta. Hakuweka kitu mahali pake. Alitaka kwanza awaze vizuri kingefaa kuwa chumba cha nini.

Siku zilizofuata, kila baba alipokuwa hayupo, Kiwingu alielea kati ya nyota. Kisha baba akaanza kulalamika. "Hii mashine siku hizi ina maswali kama mlinzi wa getini! Nikiiwasha tu, inataka kujua naelekea wapi."

Kiwingu akaingiwa na hofu. Baba alipotoka, akaufuta mfumo wa nyota, akidhani mambo yangerudi kama zamani. Hayakurudi. Kompyuta ilionyesha mstari mmoja wa maandishi meupe kwenye kioo cheusi, ikanyamaza.

"Umeigusa?" baba aliuliza aliporudi.

"Hapana, Baba. Nimeikuta hivyo," Kiwingu alijibu, macho makavu.

Baba akashika kichwa. Kesho yake asubuhi mkunga angekuja kuchukua ramani ya zahanati yake, na mafundi walikuwa wakimsubiri ili wachimbe msingi. Nakala ya ramani ilikuwepo kwenye flashi ya baba, lakini bila ile programu ya kiwandani isingefunguka. Ikabidi ampigie simu dada yake, ambaye alikuwa fundi wa kompyuta.

"Shikamoo, Shangazi," Kiwingu alimpokea mkoba mlangoni.

"Marahaba, mwanangu. Leo umeshuka chini kutupokea?"

Siku nyingine Kiwingu angecheka. Leo aliuweka mkoba mezani, akarudi kwenye kigoda chake.

Shangazi alibonyeza kitufe cha kuirudisha mashine katika hali ya kiwandani. Kimya. Akabonyeza tena.

"Ajabu hii," alisema. "Mashine hizi huzaliwa na sehemu ya akiba, imefichwa mwisho wa diski. Kiwanda huweka humo nakala ya kila kitu, pamoja na programu yako, kaka. Mashine ikianguka, sehemu hiyo ndiyo inayoiinua. Lakini hii haijibu. Nadhani diski imechoka."

"Sasa tufanyeje?"

"Niifute yote, niweke mfumo mpya. Itawaka, ila programu yako ndiyo basi tena."

Baba hakubisha. Alitandaza karatasi kubwa, akachukua rula na penseli, akaanza kuchora zahanati upya kwa mkono. Aliinama mpaka pua ikakaribia karatasi, maana macho yake hayakuwa yale ya ujana. Mwanga wa alasiri uliingia dirishani, na vumbi jepesi likaelea ndani yake polepole. Siku nyingine Kiwingu angepotelea humo. Sasa aliuona mkono wa baba tu, ukichora, ukifuta, ukichora tena. Roho ilimuuma sana.

Kidole cha shangazi kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kufuta.

"Shangazi, subiri!" Sauti ilimtoka Kiwingu kabla hajajua ataendeleaje. "Diski haijachoka. Ni mimi. Niliweka mfumo wa nyota, halafu nikaufuta. Na kile kichumba cha mwisho nilikifuta pia. Hakikuwa na mlango. Nilidhani ni kosa la mchoraji."

Penseli ya baba ikasimama. Shangazi aliondoa kidole kana kwamba kitufe kimemuunguza.

"Baada ya kukifuta, uliweka nini pale?"

"Sikuweka kitu. Nilikuwa bado nakiwazia."

Shangazi aliangua kicheko mpaka akajishika mbavu. "Kaka, huyu mtoto ndoto zake zimetuponza, na ndoto zake zimetuokoa! Sikiliza, Kiwingu. Mfumo wa nyota ndio uliokuwa ukiiwasha mashine; ulipoufuta, haikujua tena pa kuanzia. Na kile kichumba, ulizifuta kuta zake kwenye ramani tu. Vitu vyenyewe bado vipo palepale, mpaka mtu aweke vingine juu yake. Na mimi hapa nilikuwa karibu kuvifukia."

Akaiwasha mashine kwa flashi yake mwenyewe, yenye programu ya kutafuta alama za kuta za zamani. Mstari wa kijani ulitambaa taratibu kwenye kioo. Kiwingu alikaa kwenye kigoda chake, akakiona kichumba kile akilini: giza, kimya, kila kitu mahali pake kikisubiri kugongewa.

"Hiki hapa!" shangazi alisema. Alizirudisha kuta palepale zilipokuwa, akakirudishia kichumba alama yake ili mashine ikitambue kuwa ni cha akiba. Kisha akabonyeza kile kitufe. Safari hii mashine iliitika. Jua lilipokuwa linazama, programu ilifunguka, baba akachomeka flashi yake, na zahanati ya mkunga ikatokea nzima. Kiwingu alilia kwa furaha, na hakujificha.

Baba alimvuta karibu, akamwonyesha kichumba chembamba kwenye ramani, pembeni mwa chumba cha kujifungulia. "Hiki hakina mlango. Nikifute?"

Kiwingu alifikiri. "Kwanza niambie ni cha nini, Baba."

"Humo hupita mabomba ya maji. Hakuna anayeingia, lakini bila hicho mtoto mchanga hataogeshwa." Baba alimtazama usoni. "Usichokijua, uliza kabla ya kukifuta. Na ukishakosea, sema mapema. Kosa lako lilikuwa linatengenezeka tangu mwanzo. Uongo wako ndio uliokuwa unataka kuimaliza kazi yangu."

"Nisamehe, Baba. Nisamehe, Shangazi."

"Nimekusamehe. Haya, hizo nyota zenyewe ziko wapi?"

Kiwingu akaitoa mfukoni ile flashi ya rafiki yake. Shangazi akamkonyeza. "Zinaweza kufunguka humo humo kwenye flashi bila kugusa ukuta wa mtu. Ila lazima mwenye mashine akubali."

"Baba, naomba ruhusa," Kiwingu alisema.

Baba aliinuka, akafunga pazia, akamwachia kiti chake.