Meza ya Wawili Kando ya Ziwa

"Maua ya nani, Wendell?"

Wendell Kowalczyk, fundi wa malori kutoka Toledo, aliganda mbele ya kaunta kama panya aliyekanyaga gundi.

Ilikuwa asubuhi ya kuondoka hotelini, Orlando, foleni ya wazazi na watoto ikimpumulia kisogoni. Yesenia wa mapokezi alikuwa akisoma bili kwa sauti tamu.

"Ada ya huduma za hoteli, dola arobaini na tano kwa siku."

"Huduma zipi?"

"Bwawa, bwana."

"Sijaligusa!"

"Lakini lilikuwepo. Maegesho, thelathini na tano kwa siku. Na Jumanne jioni, meza ya wawili kando ya ziwa, maua mekundu, mpiga gitaa. Mia tatu na kumi."

Hapo ndipo Rhonda, mpenzi wake, alipotua begi na kuuliza maua ni ya nani. Miaka tisa na huyu mwanaume!

"Jumanne jioni nilikuwa chumbani natafuna mkate wa siagi ya karanga niliotoka nao nyumbani, eti tunabana matumizi. Wewe ukasema unaenda kuangalia tairi. Ulikula na nani?"

"Sikula na mtu, mpenzi."

"Kweli, mama," Yesenia akadakia. "Hakufika mtu. Ndiyo maana kuna na ada ya kutofika."

Wendell alitazama mlango. Akimbilie wapi? Kizuizi cha maegesho hakiinuki mpaka bili ilipwe.

Rhonda akatoa simu. "Natafuta basi la Toledo. Baki na gari lako. Nauliza mara ya mwisho: nani?"

"Dada, futa hiyo meza!" Wendell akamgeukia Yesenia. "Ni makosa. Naipinga!"

"Ukipinga, bwana, nalazimika kusoma maelezo uliyoandika wakati wa kuagiza."

"Basi usi..."

Amechelewa. Yesenia alikwisha kuanza: "'Nitampa Rhonda pete fataki zikianza. Tafadhali msimwambie. Anapenda maua mekundu, ila husema ni upotevu wa pesa.'"

Foleni nzima ikasogea kusikiliza. Hata mtoto aliyekuwa akililia aiskrimu alichungulia.

"Wendell," Rhonda akasema polepole, "mbona hukuniita?"

"Mchana ule tuligombana kuhusu bei ya maegesho. Ukasema mwanaume anayelilia ada ya maegesho hafai kuwa mume. Nikaenda mpaka karibu na ziwa, nikaona mshumaa unawaka, nikarudi. Niliogopa."

"Nilisema vile kwa njaa, mjinga wewe! Pete iko wapi?"

"Kwenye soksi."

"Ya kwenye begi?"

"Niliyovaa."

Akainama, akavua kiatu, akachokoa. Alipoipata, goti lilikuwa limeshagusa sakafu, akaona hakuna sababu ya kuinuka.

"Rhonda..."

"Ndiyo. Ndiyo! Inuka upesi kabla hawajatutoza ada ya kupiga magoti."

Yesenia, machozi yakimlengalenga, akanyoosha mkono kwenye kamera ya kaunta.

"Niwapige picha ya kumbukumbu? Dola ishirini na..."

"Hapana!" wakajibu wote wawili kwa pamoja.

Katika wiki nzima, hilo ndilo lilikuwa jambo la kwanza walilokubaliana bila ugomvi.