Mbao za Kibanda cha Barafu

Marhoon alihama Unguja na tabia moja ya kiseremala: hachagui ubao kwa macho. Anaugonga mara tatu kwa kifundo cha kidole, anatega sikio, kisha ndio aseme huu chukua, ule acha. Mwaka sitini na sita wavuvi wa Sidab, kijiji cha pwani jirani na Maskati, walimpa kazi ya kuwajengea kibanda cha kuwekea samaki na barafu. Kuta za nje zilikwisha simama, zimebaki mbao za kupigilia ndani. Uwanjani kwa Aflah, muuza mbao, msonobari wa makreti ulinuka utomvu, na samaki angenuka nao. Msaji wa Bara Hindi haukutosha. Basi akaligeukia rundo la tatu, mbao nyeusi ambazo Aflah alizibandua kwenye dari la nyumba iliyohamwa.

Akagonga ubao mmoja. Ngo, ngo, ngo.

Ubao ukajibu. Ngo, ngo, ngo.

Ilikuwa adhuhuri, jua la Juni linachoma hata kivulini. Mkewe Rahila, aliyemletea chakula, alikuwa kawapa mgongo anapakua wali. Kwetu Unguja mtu akigonga unamwitikia, ndivyo tulivyolelewa. Rahila hakugeuka hata shingo.

"Karibu!" akasema.

"La, ukhti, la!" Aflah, mzaliwa wa Sidab, akaruka nyuma. "Hapa hatumkaribishi tusiyemwona!"

Marhoon akacheka. Mtu mzima na akili zake, akacheka! "Mbao kavu hizi, yakhe, zinarudisha sauti tu." Akazichukua zote, akazipigilia kibandani siku ileile.

Tangu hapo Rahila hakupata joto tena. Watu Maskati wanalala juu ya mapaa kwa fukuto, yeye anatetemeka ndani ya blanketi. Kila mchana Marhoon akisinzia, Rahila anatoroka kwenda kukaa kibandani katikati ya mapande ya barafu, mgongo ukutani, ananong'ona, na ukuta unamnong'oneza. Mle kibandani mlikuwa mnanukia udi, na hakuna aliyeufukiza. Siku ya kumi kucha zake zilikuwa za buluu na chakula hakipiti kooni. Marhoon akachukua mtaimbo azing'oe mbao, lakini alipouingiza nyuma ya ubao wa kwanza, Rahila alipiga ukelele akashika mbavu.

Ndipo akamwita Mwalimu Mahfoudh, mganga wa Kurani. Mwalimu akaingia kibandani alimokaa Rahila, akanusa, akateremsha sauti.

"Aliyemkaribisha ndiye wa kumtoa. Mwanangu, mwambie atoke."

Rahila akaanza kulia. "Siwezi, Mwalimu. Miye kule Unguja niliambiwa tokeni, tukaiacha nyumba na nguo zetu za mwilini. Nnajua linavyouma. Neno lile simwambii mtu."

"Utakufa, Rahila!" Marhoon alipiga magoti kwenye maji ya barafu. "Nnakuomba. Sina mwengine mji huu ila weye."

Mwalimu akaanza kusoma, na alipofika katikati mbao zikaanza kugonga, kwanza moja karibu na mlango, kisha ya pembeni yake, kisha zote kwa pamoja kuanzia sakafuni mpaka darini, na harufu ya udi ikawajaa puani mpaka wakakohoa, na pumzi zao zikatoka moshi mweupe ilhali nje jua lilikuwa linapasua mawe, na Marhoon akaikamata miguu ya mkewe akaiona baridi kuliko barafu yenyewe.

Kisha kimya.

Rahila akainua kichwa. "Toka," akasema.

"Alhamdulillahi!" Marhoon akaangua kilio cha furaha, akanyoosha mikono amkumbatie.

Mwalimu akamshika bega. "Marhoon," akanong'ona, "hebu angalia anamwambia nani."

Marhoon akaangalia. Macho ya Rahila yalikuwa juu yake, makavu, hayapepesi.

"Weye," likasema lile lililokuwa mdomoni mwa mkewe. "Toka kwangu."