Upande wa Kushoto wa Sahani

Nazi ilikwisha kukunwa, wali ukaiva, Sitara akapakua. Ndiyo kazi yake kila adhuhuri katika nyumba yao ya Kariakoo. Mumewe, Mwinyimvua, muuza viungo sokoni, alikuwa nyumbani tangu kiharusi kimlegeze mkono wa kushoto. Kusema alisema, na utani wake ule ule.

Kazi ilikuwa chakula. Alikula upande wa kulia wa sahani tu. Wa kushoto hagusi, kisha analalamika njaa!

Siku hiyo dada yake, Mwanamkuu, alikuja kutoka Buguruni. Akaitazama ile sahani: kulia kweupe, kushoto samaki hajaguswa.

"Wifi, umemtilia nini kaka yangu?"

"Chumvi na tui. Nini tena?"

"Mwenye njaa haachi samaki. Umemtilia limbwata umtawale, na roho yake imeligundua liliko. Leo namchukua, nikamuuguze mwenyewe. Na mtaa mzima utajua kwa nini."

Sitara akautazama mlango. Neno kama hilo likifika barazani halirudi ndani. Nani tena angekula mkononi mwake?

Celina, nesi aliyepanga chumba cha mbele, alikuwa akitoka kwenda kazini. Akasimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Usituingilie, binti."

"Siingilii. Nageuza sahani tu."

Akaizungusha. Upande ulioachwa ukaja kulia. Mwinyimvua akatoa macho.

"Kumbe samaki yupo! Sitara, ulimficha wapi?" Akala mpaka akalamba vidole.

"Amepofuka jicho?" Mwanamkuu aliuliza.

"Macho yake mazima," Celina alisema. "Ulioumia ni ubongo, upande wa kulia. Huo ndio unaotufanya tuangalie kushoto. Kwake yeye, kushoto ni kama hakupo. Ndiyo maana hujinyoa nusu ya kidevu."

"Nusu?" Mwinyimvua akajipapasa. "Na nyinyi mnanitazama tu!"

Hata Mwanamkuu alicheka. Lakini hakukubali upesi. "Umejuaje si uchawi?"

"Madaktari wa nchi nyingi wamewachunguza wagonjwa kama yeye. Wataalamu wakakusanya chunguzi hizo, wakazilinganisha. Jambo ni lile lile. Si uchawi, si kiburi, si wazimu."

"Atapona?" Sitara aliuliza.

"Wengi hupata nafuu, ingawa si wote wanaopona kabisa. Ukimgombeza humsaidii. Tandika kitambaa chekundu kushoto kwa sahani, akitafute kwanza ndipo ale. Kaa upande huo, mguse, zungumza naye. Barabarani asiende peke yake. Na kliniki asikose. Tena, mtu yeyote akipinda mdomo au akilegea mkono ghafla, hospitali mbio. Msingoje."

Mwanamkuu aliondoka peke yake. Sitara akafanya kama alivyoambiwa, leo na kesho, hata siku Mwinyimvua alipokuwa mkaidi.

Idi ilipofika walizunguka sinia moja. Mwanamkuu alikaa kushoto kwa kaka yake, akala wali wa Sitara kwa mkono ule ule uliomnyooshea kidole. Mwinyimvua akageuza shingo polepole, akavusha mkono, akanyakua kipande cha nyama mbele ya dada yake.

"Kaka! Hicho changu!"

"Ulidhani sikuoni?"