Jilala Anajiangusha kwa Hiari

"Jilala, una kifafa?"

Jilala akabaki na kikombe cha chai hewani.

"Nani kakwambia?"

Kabula akamsogezea simu usoni. Video, na chini yake ujumbe wa shangazi yake, Milembe:

"Mwanangu, tulituma mtu kijijini Kasoli kuchunguza ukoo wa mchumba wako kama ilivyo desturi. Ukoo safi. Ila mwenyewe, mtazame. Baba yako anarudisha ng'ombe wa mahari kesho asubuhi."

Kwenye video Jilala yuko peke yake nyuma ya ghala la pamba. Anapepesuka, anadondoka chali, puu, anabiringika, miguu inakata hewa, anainuka, anadondoka tena.

"Ni mazoezi," Jilala akasema, macho chini.

"Mazoezi ya kuanguka?"

"Kung fu ya zamani ya Kichina. Unaanguka makusudi, adui anadhani umekwisha, unampigia hukohuko chini. Kanifundisha Mchina mmoja, fundi mashine wa pale ghalani."

"Na mwaka mzima unanificha?"

"Ungenicheka. Mwanaume na ndevu zangu nagaragara vumbini."

Kabula hakujua acheke au alie. Nani anaanguka kwa kupenda jamani? Lakini mgonjwa anayejificha si ndivyo angejitetea?

"Kama unaumwa sema. Dawa zipo, tutaenda hospitali wote. Kufichwa ndiyo siwezi."

"Siumwi, Kabula."

"Basi kamwambie baba."

Asubuhi, nyumbani kwa mzee Ndalahwa, baba yake Kabula, pale Bariadi, ng'ombe wameshatolewa zizini.

"Mwangaluka, baba," Jilala akaamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka. Chukua ng'ombe wako."

Jilala akaeleza, hakuna aliyeelewa. Akavua shati, akajiangusha.

"Si mnaona? Kimempanda," shangazi Milembe akasema. "Leteni maji."

Hata Kabula aliinuka kukimbilia maji, kisha akasita. Akakaza sauti.

"Jilala, anguka kushoto."

Akaanguka kushoto.

"Kulia."

Kulia.

"Chali, mguu mmoja juu."

Hivyohivyo.

"Shangazi, kifafa kinapangiwa upande?"

Milembe akashika kiuno. Mzee akakohoa.

"Kwa hiyo mwanaume mzima anajiangusha kwa hiari?"

"Ndiyo, baba."

"Afadhali kingekuwa kifafa. Kile kina dawa." Akageukia zizi. "Haya, rudisheni ng'ombe ndani."

Kabula akaenda kumpangusa mchumba wake samadi mgongoni.

"Kingine unachonificha?"

"Hakuna."

"Jilala."

Akajikuna shingo.

"Kuna staili nyingine. Ya nyani."

"Hiyo," Kabula akanong'ona, "tuoane kwanza."