Aliyeketi Mahali pa Mgonjwa

Melania aliamka miguu yake ikiwa na tope. Cornel aliliona alipoinama kutafuta viatu vyake chini ya kitanda: tope jekundu, bichi, limeingia hadi kwenye kucha, na Shinyanga nzima haikuwa imeona tone la mvua tangu mtama uvunwe.

"Ulitoka kwenda wapi?" akamuuliza.

"Sijatoka," mkewe akasema, akiitazama miguu yake kama ya mtu mwingine.

Cornel akacheka, maana alikuwa mtu wa kucheka asipojua la kusema, akaenda zake chuoni.

Chuo chenyewe kilikuwa cha ufundi. Maseremala upande huu, waashi upande ule, na mwishoni kabisa, katika chumba ambacho madirisha yake yalizibwa kwa mablanketi meusi, darasa la sinema. Mwalimu Zulfikar, aliyezaliwa katika duka la baba yake huko Kahama na kuikimbia mizani mapema, aliwafundisha vijana kushika kamera, kukata mkanda na kuunga picha. Kila siku aliwakumbusha jambo moja: picha ikiharibika, rudia. Kila mwanafunzi alitakiwa amalize masomo na filamu yake mwenyewe, yenye mwanzo na mwisho. Asiyekuwa nayo angerudi kwao kushika jembe. Na Cornel, mtoto wa Kagongwa, jembe hakutaka kuliona hata kwenye picha.

Filamu aliyoichagua ilimhusu Mbuke, mfumu, yaani mganga, aliyekaa nje kidogo ya mji. Mbuke alikuwa akimtibu Herman, mchimbaji dhahabu aliyepandwa na jini ndani ya shimo huko Mwakitolyo. Kazi hiyo ina utaratibu wake. Mgonjwa huketishwa mkekani, hufunikwa shuka jeupe, na ngoma humwita jini apande kichwani aseme shida yake. Akishasema, hupigwa ngoma nyingine ya kumuaga, shuka likavutwa polepole, naye jini akaenda zake.

Siku ya kupiga picha, siku moja kabla ya tope lile, kamera ilikwama. Herman akaitiwa jini wake, akaagiwa, akapona, na Cornel hakupata kitu. Mbuke alipotoka kumsindikiza mgonjwa barabarani, Cornel akakumbuka maneno ya mwalimu wake. Kamera sasa ilikuwa imekubali. Akawabembeleza wapiga ngoma, vijana wenzake, kisha akamgeukia Melania, aliyekuwa amemletea chakula.

"Kaa hapa mahali pa mgonjwa, mke wangu. Tikisa mabega kidogo. Ni picha tu."

Melania, mwenye mimba yake ya kwanza, akaketi, akafunikwa. Ngoma ya kuita ikalia. Akatikisa mabega vizuri, tena vizuri mno, na Cornel akafurahi. Mkanda ulipokwisha wakamvua shuka, wakala viazi, wakatawanyika. Mwisho wa filamu, Cornel alijiambia, angeupiga siku nyingine. Hakuna aliyeaga mtu.

Tope lile lilirudi kesho yake, na kesho yake tena. Kisha ikaja harufu, ile ya mwamba uliolowa na hewa iliyofungiwa, ikitoka kwenye nguo zake hata zikifuliwa na kuanikwa juani. Mchana mmoja walikuwa wakila ugali, na Cornel akasikia kitu chini ya sakafu, kidogo sana, mlio wa nyundo juu ya tindo, ukikoma, ukianza, na alipoinua macho aliona kidole cha mkewe kikigonga ukingo wa sahani kwa mwendo uleule, bila kupitwa hata mara moja, huku uso wake umetulia kama wa mtu anayemsikiliza jirani nyuma ya ukuta, na ugali mdomoni mwake ukiwa haujatafunwa.

"Unasikia?" Cornel akanong'ona.

"Nasikia kila siku. Anachimba. Anasema yuko karibu kufika."

"Kufika wapi?"

Melania akaweka mkono juu ya tumbo lake. "Mtoto ameacha kucheza, Cornel. Tangu juzi."

Hapo kicheko kilimwisha. Alikimbia hadi kwa Mbuke bila kuvaa viatu.

"Shikamoo mama."

Mbuke hakuitikia. "Nilipokuwa barabarani nilisikia ngoma. Mliketisha nani?"

"Mke wangu."

"Mkamwita mgeni, akaja, mkaondoka kwenda kula." Akatikisa kichwa. "Mlete. Nitamuaga. Lakini hiyo mashine yako iache nyumbani. Jini akiagwa haangaliwi. Wote tunageuza uso, hata mimi."

Cornel akaapa, na machozi aliyoyatoa yalikuwa ya kweli. Ila usiku alikumbuka kwamba filamu yake haina mwisho. Tamaa haina haya. Alfajiri akaificha kamera jikoni kwa Mbuke, jicho lake likitazama uani kupitia tundu la mlango.

Jua lilipopanda, ngoma ya kuaga ikapigwa. Wote waliupa mkeka kisogo, wakageukia ua wa minyaa. Cornel peke yake ndiye aliyekuwa jikoni na jicho kwenye kamera. Aliliona shuka likivutwa na Melania akilala chini, kisha katika vumbi kavu kando ya mkeka ukatokea unyayo wa tope, na mbele yake mwingine, na mwingine tena, hakuna mguu uliozikanyaga, zikielekea langoni taratibu mpaka zikatoka nje.

Siku hiyohiyo mtoto akacheza tumboni. Melania alilia kwa furaha, na Cornel akalia naye, akaufunga mdomo wake. Akazaliwa msichana, wakamwita Bernadina.

Filamu ilirudi kutoka Nairobi ilikosafishwa, na Mwalimu Zulfikar akawaalika wanafunzi wote na wake zao mchana katika chumba cha mablanketi. Picha zilikuwa safi. Watu walipiga makofi mpaka mwisho.

"Hii ndiyo filamu," mwalimu akasema. "Umefaulu."

"Irudishe nyuma, Mwalimu," mtu akaomba, maana hakuna walichokipenda kama kuona watu wakitembea kinyumenyume.

Zulfikar akacheka, akageuza swichi. Chumba kizima kikacheka. Cornel naye akacheka, kwa pumzi moja tu. Pale ukutani nyayo zilikuwa zikiingia kutoka langoni, zikifutika moja moja, kila iliyofutika ikiwa karibu zaidi na mkeka, na mkekani Melania alikuwa akiinuka kutoka chini bila kujitegemeza, na shuka lilikuwa likimpanda miguuni, tumboni, kifuani.

"Zima, Mwalimu," akasema. "Nakuomba, zima."

"Ngoja, bado kidogo."

Shuka likamfunika uso.

Katika benchi la nyuma Melania akasimama, Bernadina amelala mgongoni mwake. Akaanza kwenda mlangoni kinyumenyume, katikati ya mabenchi na miguu ya watu, gizani, bila kugusa chochote. Wake za wanafunzi walimpisha wakicheka, wakidhani anaiigiza picha.

"Mkeo mchekeshaji," Zulfikar akasema.

Cornel aliona kwamba macho ya mkewe yamefumbwa. Alitaka kuinuka awashike, yeye na mtoto, lakini hofu ilimkalisha pale alipo. Mlango ukafunguka, jua likaingia kidogo, kisha ukafungwa.