Pilipili Manga ya Bondeni

Chafya ya kwanza ilimpata binti mbele ya mashine ya kusagia viungo, sokoni, watu wakisukumana pande zote. Ya pili ilimwangushia miwani. Ya tatu ilimfanya msagaji azime mashine.

"Pole, dada. Pilipili yangu haijazoea wageni."

"Imetoka wapi?" binti aliuliza huku akijifuta machozi. Alivaa gauni la rangi ya limau, na begani alining'iniza mfuko uliojaa bahasha ndogo ndogo.

"Wenzako huuliza bei kwanza."

"Mimi nauliza kwao ni wapi."

Alikuwa mtafiti wa mimea chuoni. Alizunguka huku na huko akikusanya majani ya pilipili manga, iliki na mdalasini, kisha akapima vinasaba vyake maabara ajue ipi ni ndugu ya ipi, na kila aina inaota wapi. Msagaji, kijana mrefu mwenye vumbi la manjano hadi kwenye kope, alimsikiliza mpaka wateja wakaanza kuguna.

Tangu siku hiyo alimwita Chafya. Simu zikawa haziishi.

"Chafya wangu, umekula?"

"Siku nzima nashinda na majani."

"Basi nakuoa. Chakula chako hakitanisumbua."

"Thubutu! Mimi mbuzi?"

"Mbuzi mwenye miwani. Wako wangapi?"

Msagaji akampeleka kwa mama yake, mjane aliyeishi pembezoni mwa mji. Nyuma ya jiko ardhi ilishuka ghafla kwenye bonde lenye miti mikubwa, na mipilipili manga imeiparamia mpaka juu. Hakuna aliyejua nani aliipanda. Pilipili hiyo ndiyo iliyomlea kijana.

"Chukua majani, mwanangu," mama alisema. "Ila usinielekezee watu."

"Siwezi, mama."

Majibu ya maabara yalimshangaza binti. Vinasaba vya bondeni havikufanana na vya mahali pengine popote, na ule ugonjwa wa kuoza mizizi uliokuwa unamaliza mashamba haukuigusa mipilipili ile. Profesa wake alipiga makofi. Akachora ramani ya mahali kila aina inapoota, na bondeni akaweka nukta nyekundu. Ukiikuza kwenye simu, unaona bati la jiko.

Binti aliiona kabla haijawekwa mtandaoni. Kati ya waandishi wa utafiti huo, jina lake lilitangulia. Alitaka kusema nukta ile iondolewe, akaacha.

Watu wakaja mama akiwa kliniki.

"Wameng'oa mipilipili," msagaji alisema kwenye simu. Sauti yake ilikuwa kavu.

"Nani?"

"Wenye ramani yako. Mama amewakuta wakipakia garini, hata aibu hawana, wakamwonyesha ramani yenyewe. Ulijua kwamba nyumba yetu imo?"

Binti akavua miwani.

"Uliuza, Chafya?"

"Sijauza! Haki ya Mungu!"

"Basi uliwagawia. Kumbe ulipenda pilipili, mimi nilikuwa njia tu."

Akakata. Hakupokea tena. Binti alipomfuata sokoni, aliwasha mashine bila kitu ndani, ikanguruma mpaka akaondoka.

Alikwenda kwa profesa.

"Ondoa ile nukta."

"Kazi itapungua uzito."

"Basi niondoe na mimi."

Nukta ikaondolewa, lakini maji yalikwisha kumwagika.

Jumamosi akashuka bondeni. Mama alikuwa ameinama, anaokota vipande vya mipilipili vilivyosazwa.

"Shikamoo, mama."

Mama hakuacha kuokota. "Marahaba."

"Niliiona ramani kabla haijatoka. Nilinyamaza kwa sababu jina langu lilikuwa la kwanza."

Mama akanyoosha mgongo. "Wale wezi siwajui. Wewe ulikula kwangu."

"Ndiyo, mama."

"Basi ujue inauma." Akamwonyesha alivyookota. "Hivi vipande vitashika?"

"Sijui. Vingine, labda, tukivifukia kivulini."

"Vua viatu, basi."

Msagaji aliwakuta wamepiga magoti kwenye udongo. Alikuwa amebeba begani miti ya kuegemezea mipilipili.

"Nani amekuruhusu?"

"Mimi," mama alijibu bila kuinua kichwa, kisha akapanda kwenda kuchota maji.

Walibaki wawili.

"Sikuuza," binti alisema. "Lakini niliogopa kukosa sifa kuliko nilivyoogopa kumuumiza mama. Na wewe hukuwa njia. Hilo tu naomba uamini."

"Ningekuwa na hasira nyepesi kama ungekuwa umeuza," alisema polepole. "Ningekuita mwizi, nikalala. Sasa kila siku naamka nakukumbuka, halafu nachungulia dirishani, naona bonde lilivyobaki tupu."

Binti alilia kimyakimya, mikono ina matope, asiweze kujifuta.

"Niende?"

Kijana alitazama miti mitupu, kisha uso wake.

"Kaa. Ila leo usiniite mpenzi."

"Nikuite nani?"

"Usiniite." Akasimamisha mti mmoja kwenye shimo. "Shika hapa."

Akashika.