Mama, Sogea Kidogo

"Mama, sogea kidogo. Dakika moja tu."

Ndugu zangu, wakati nasikia maneno hayo nilikuwa nimelala kwenye vigae vilivyolowa, katikati ya korido ya soko la nguo. Shavu langu lilikuwa kwenye matope ya viatu vya watu. Ulimi mzito, mikono haina habari na mimi.

Halafu nikasikia kli.

Kli. Kli kli kli...

Mtu alikuwa ananipiga picha.

Na sauti ile niliijua. Ndiyo sauti inayoniamsha asubuhi. Ndiyo inayouliza chumvi iko wapi, wakati chumvi iko mbele yake.

Alikuwa mume wangu. Na hakujua kwamba ni mimi.

Tulieni niwasimulie, maana hata mimi mwenyewe nilikataa kuamini.

Mimi ni dobi wa hoteli. Kutwa nashinda na mashuka na pasi. Nina kisukari tangu nikiwa msichana, na sukari ikishuka nakuwa na muda mfupi tu wa kuweka kitu kitamu mdomoni kabla dunia haijazima. Kwa hiyo mimi na pipi ni chanda na pete. Mume wangu anajua. Tulipokuwa wachumba ndiye alikuwa ananijazia mfukoni.

Mtaani wanamwita Jicho. Ana kamera, ana ukurasa wenye wafuasi kibao, na anachokipenda ni kuwapiga picha watu asiowajua, wakiwa hawajui. Mzee anapiga miayo foleni. Dada analia na simu. Mama anakula amesimama. Haombi mtu. Anasema ukimwomba mtu ruhusa anavaa uso wa picha, na uso wa picha ni uongo mtupu.

Siku hiyo mvua ilimwagika, shoga yangu wa kazini akaniazima koti lake la mvua. La njano, lenye kofia kubwa inayomeza uso mzima. Kazini tulibanwa, sikupata hata nafasi ya kula. Pipi nilikuwa nazo, ila zilikuwa kwenye mfuko wa sare, ndani ya koti. Nilipozikumbuka, nikiwa nakatiza sokoni kurudi nyumbani, vidole vilikuwa havinisikilizi tena.

Nikaenda chini.

Aliyenifikia wa kwanza ni mama mmoja anayeuza soksi hapo hapo koridoni. Nilihisi mkono wake unaingia chini ya kichwa changu. Nikasikia anafungua soda. Baadaye aliniambia marehemu mumewe alikuwa na ugonjwa kama wangu, jasho la namna ile halimpotei.

Chupa ilikuwa imeshagusa mdomo wangu. Ndipo ikaja ile sauti.

"Mama, sogea kidogo. Dakika moja tu."

"Huyu mtu anazimia, baba."

"Naona. Nipishe tu kidogo, halafu unaendelea."

Halafu unaendelea... Jamani.

Mama Soksi akasogea. Simlaumu. Mtu akishika kamera kubwa vile na kuongea kwa kujiamini, unadhani ametumwa na mwenye amri. Mkono ukatoka chini ya kichwa changu, nikabaki na vigae. Kli kli kli. Kisha giza likaanza kuingia pembeni ya macho.

Soda iliporudi mdomoni, niliinywa kama mtoto mchanga.

Nilipopata nguvu ya kuinuka nikauliza, "Mwenye kamera yuko wapi?"

"Ameondoka."

"Amesemaje?"

Mama Soksi akapangusa matope shavuni kwangu kwa soksi mpya, ya kuuza.

"Amesema asante," akajibu.

Nilirudi nyumbani najipa moyo. Sukari ikishuka akili hucheza, unaweza kusikia hata sauti za waliokufa. Nikajiambia yule alikuwa mwanaume mwingine, wenye kamera ni wengi. Nikaoga, nikala, nikakaa kwenye kochi.

Jicho alikuwa mezani kwenye kompyuta. Hata mlango ukifunguliwa akiwa pale, hageuki.

"Leo nilianguka," nikamwambia. "Sukari ilishuka."

"Pole sana mke wangu. Pipi hukubeba?"

"Nilibeba. Sikuziwahi."

"Uwe unakula mapema, mama. Sasa njoo hapa mara moja, njoo uone kitu."

Nikaenda.

Kwenye kioo kulikuwa na koti la njano limelala kwenye vigae vinavyong'aa maji. Kofia imefunika uso. Mkono mmoja umekunjuka nje, kiganja juu. Mguu mmoja umetoka kwenye kiatu.

"Hii ndiyo picha ya maisha yangu," akasema. Macho yake yalikuwa yanang'aa kama ya siku ya harusi yetu. "Nimeipa jina Peke Yake. Ndiyo itakayokaa ukutani kwenye maonyesho yangu ya Jumamosi, ile sehemu ya mbele kabisa."

Nikamwangalia. Nikasubiri.

Wasomaji wangu, nimetoka kumwambia nilianguka. Ananionyesha picha ya mtu aliyeanguka. Na hayo mambo mawili yakapishana kichwani mwake bila hata kusalimiana.

"Huyu ni nani?" nikauliza.

"Sijui. Mtu tu. Ndiyo raha yake."

"Alikuwa na nini?"

"Uchovu wa maisha, nadhani. Angalia mwanga ulivyokaa kwenye kiganja."

Nilikuwa naangalia pete. Kidoleni mwa huyo "mtu tu" kulikuwa na pete aliyonivisha yeye mwenyewe, ndogo, imelowa.

"Ngoja nikuonyeshe ilivyokuwa mwanzo," akaendelea, "uone mumeo anavyofanya kazi."

Akafungua nyingine. Hiyo ilikuwa pana zaidi. Mama Soksi alikuwemo, amepiga magoti, soksi zimemwagika pembeni yake, mkono mmoja chini ya kichwa changu, mwingine umeshika chupa. Uso wake umekunjamana kwa hofu, kama anamhudumia mtoto wa tumbo lake.

"Hii niliipiga kabla hajasogea. Nilipoikuza nikakuta yenyewe ndiyo ina mwanga mzuri, basi huyu mama nikamkata."

"Kwa nini umkate?"

"Akiwepo, inakuwa hadithi ya mtu anasaidiwa. Hizo zimejaa. Asipokuwepo, hapo sasa kuna maumivu."

Akasogeza picha hadi kwenye mguu.

"Halafu hapa kwenye kifundo cha mguu kulikuwa na doa baya, kama kovu. Linavuta macho bure. Nimelifuta."

Hilo kovu mnataka kulijua? Mwaka wetu wa kwanza wa ndoa, Jicho aliponyokwa na birika la maji ya moto likanimwagikia mguuni. Alilia kuliko mimi niliyeungua. Alinibeba mgongoni mpaka zahanati, njia nzima ananiomba radhi. Kila nikivaa gauni fupi alikuwa analigusa na kusema, hili ni deni langu.

Sasa amekaa mbele ya kioo, amelikuza mpaka limejaa, amelifuta kidogo kidogo kwa mkono wake. Na hakulijua.

Nilikimbilia sinki nikatapika chakula chote.

"Unaumwa?" akaita kutoka sebuleni.

"Nimekwambia nilianguka."

"Ah, kweli. Pole."

Niliporudi nikakaa kwenye kiti mkabala naye, nikapandisha mguu wenye kovu juu ya stuli, pale pale mbele ya pua yake. Nilisema moyoni, mpe nafasi nyingine, ni mume wako.

Akainua kichwa. Akauangalia mguu.

"Shusha mguu basi, unaniziba taa."

Nikashusha.

"Nitumie hizo picha zote mbili," nikamwambia.

"Hiyo chafu ya nini?"

"Nimeipenda."

Akacheka, akasema wanawake hamuijui sanaa, akanitumia.

Kesho yake nilienda kwa Mama Soksi na zawadi, nikamlipia na zile soksi za matope. Nikamwomba anisindikize mahali Jumamosi. Akauliza ni wapi. Nikamwambia ni mahali ambapo na yeye alitakiwa awepo. Shoga yangu naye nikamwomba koti kwa mara ya pili.

Mnaweza kuniuliza kwa nini sikumwambia tu mume wangu. Nilitaka kujua kitu kimoja: kama huyu mtu ana uwezo wa kuniona bila kuambiwa. Kwa sababu kama hana, mimi naishi na nani? Siku nikianguka jikoni kwangu, atashika kwanza soda au kamera?

Siku zote zile hadi Jumamosi nilisubiri. Alilala ubavuni mwangu, akala mikononi mwangu. Wapi.

Jumamosi jioni ukumbi ulijaa. Watu wamependeza, glasi mkononi, wanaongea kwa sauti za chini. Na mimi nipo ukutani, mkubwa kuliko mlango, nimelala kwenye matope, watu wananisogelea na kusema, "Duh, hii inagusa."

Jicho akapewa kipaza sauti.

"Watu huniuliza," akasema, "picha ya mtu usiyemjua inastahili kupigwa wakati gani? Nawajibu: pale unapomwona mtu kuliko watu wake mwenyewe wanavyomwona. Huyu mama ana familia mahali fulani. Labda ana mume. Lakini siku ile, nawaambieni, nilimwona mimi."

Makofi.

Mama Soksi, aliyekuwa kando yangu, akanishika mkono. "Si ndiye yule?" akaninong'oneza. "Yule wa asante?"

Nikanyoosha mkono. Jicho akatabasamu, akadhani mkewe anataka kumsifia mbele za watu.

"Ulimuuliza anaumwa nini?"

"Ukiuliza, picha inakufa."

"Na yeye akifa?"

Watu wakacheka kidogo, kile kicheko cha watu wasiojua waelekee wapi.

Nikatoa koti la njano kwenye mfuko. Nikalivaa. Nikavuta kofia. Nikapita katikati yao mpaka chini ya picha, nikapandisha gauni hadi juu ya kifundo cha mguu, nikageuza kovu lielekee kwake.

"Hili ndilo ulilofuta," nikasema. "Na huyu mama hapa ndiye uliyemkata. Alikuwa ananinywesha soda ili nisife. Ukamwambia asogee."

Nilimwona Jicho anaangalia mguu, anaangalia ukuta, anaangalia mguu. Mdomo ukaachama. Sasa alikuwa ananiona, na mimi nilikuwa nalia mbele za watu, kamasi na kila kitu, kofia imeanguka nyuma.

Nilidhani hapo ndipo aibu itawashika wote.

Kli.

Nikageuka. Dada mmoja aliyependeza sana alikuwa ameinua simu. Kli. Kaka mwenye miwani naye. Kli kli kli... Simu zikapanda ukumbi mzima, wengine wanarekodi video, kila mtu anatafuta pembe nzuri ya uso wangu. Mmoja akamwambia Mama Soksi, kwa upole kabisa:

"Mama, samahani, sogea kidogo."

Naapa ndivyo alivyosema.

Safari hii Mama Soksi hakusogea. Alinijia, akapandisha ile kofia, akanifunika uso, akanizunguka kwa mikono yake yote miwili. "Apige mgongo wangu huyo mwenye hamu," akasema. Tukatoka hivyo hivyo, nimefichwa kwapani kwake.

Mlangoni Jicho akatufikia, anahema. Nikasimama. Bado kulikuwa na kitu ndani yangu kinachomsubiri.

"Ungeniambia mapema," akasema kwa sauti ndogo. "Tungebadilisha hata jina la picha."

Hicho kitu kikafa hapo hapo mlangoni.

Sasa niko kwa dada yangu. Jicho ameomba msamaha, simnyimi haki yake, kaandika ujumbe mrefu. Mwishoni kabisa akaongeza kwamba waandaaji wanauliza kama naweza kuja kusimama na lile koti pembeni ya picha, maana stori imekuwa kubwa.

Sikumjibu. Nilitapika mara moja, inatosha.

Ile picha aliyoiita chafu nimeichapisha, ipo ukutani juu ya kitanda changu. Naikubali, ni picha nzuri mno. Kuna mtu asiyenijua amepiga magoti kwenye maji kwa ajili yangu, na biashara yake imemwagika. Kama kuna kitu katika korido ile kilistahili kupigwa picha, ni mkono ule. Mume wangu alikuwa nao kwenye kioo chake, akaukata.

Mama Soksi alipokuja kunitembelea aliiangalia kwa muda mrefu.

"Kitambaa changu cha kichwani mbona kimekaa upande hivi?" akasema. "Si angenishtua kwanza nijiweke sawa."

Tukacheka mpaka dada akaja kuchungulia.

Labda wewe unayesoma hapa umeshakutana na ile video ya mwanamke wa koti la njano analia ukumbini. Labda unayo, labda uliituma mahali ukaweka vikaragosi vya kulia. Sikutukani. Nakuomba uifute.

Na siku ukikuta mtu yuko chini, angalia kwanza umeshika nini mkononi. Hakikisha ni kitu anachoweza kunywa.